Aksolotli ametaga: uyaache mayai, uyalee au uyagandishe?

Asubuhi moja ya Februari niliwasha taa ya tangi nikakuta mmea umejaa shanga. Kila shanga ilikuwa ya ute usio na rangi, kubwa kama punje ya mtama, na katikati yake kidoti kimoja cheusi. Zilikuwa kwenye majani, kwenye bomba la filta, kwenye kioo cha nyuma, hata juu ya jiwe. Jike alikuwa bado hajamaliza. Alilikumbatia shina kwa miguu ya nyuma, akatulia, akaacha yai moja, kisha jingine, akapanda kidogo na kulikumbatia tena. Dume alikuwa amelala pembeni kama asiyehusika. Dukani niliponunua niliambiwa wote wawili ni majike.

Anayefuga aksolotli wawili, salamanda wa Mexico wanaoishi majini maisha yao yote, bila mpango wa kuzalisha huifikia siku hii mapema kuliko anavyodhani. Jike mmoja hutaga kuanzia mayai 100 hadi zaidi ya 1,000 kwa mkupuo mmoja, na tangi la sebuleni halina nafasi ya hata aksolotli 10 wakishakua. Wafugaji hushika mojawapo ya njia tatu: kuyaacha mayai humo humo na wakubwa, kuyatoa na kuyalea, au kuyagandisha kwenye friza siku za mwanzo. Nimezipitia zote tatu katika miaka minne ya kufuga hapa Leicester, Uingereza, na kila moja ina mtu wake. Kinachowaumiza wanyama zaidi ni kuahirisha uamuzi, kungoja uone itakavyokuwa, hadi siku unapokuta vijitu mia tatu vinaogelea na huna chakula cha kuwapa.

Usiku uliotangulia

Ukijua mchezo wao kabla ya kutaga, utapata saa kadhaa za kujiandaa, pengine siku mbili au tatu.

Dume aliyekomaa ana uvimbe pande mbili za kloaka (tundu la kutolea uchafu na mayai), nyuma kidogo ya miguu ya nyuma. Jike huko hana uvimbe, ila tumbo lake hupanuka akijaa mayai, hivi kwamba ukimtazama kutoka juu anaonekana kama peasi. Wakati ukifika, dume huacha uvivu wake wa kila siku. Humwendea jike na kumsukuma kwa pua ubavuni na chini ya mkia. Jike akiridhia naye humsukuma vivyo hivyo, na wawili hao huzungukana kwa muda. Kisha dume hutangulia akiwa ameinua mkia na kuutikisa, jike akimfuata pua karibu na mkia wake. Hatua chache mbele dume hujishusha, akabandika sakafuni koni ndogo ya ute yenye ncha nyeupe. Ile ncha ndiyo mbegu. Anasogea, jike anapita juu ya koni na kuichukua kwa kloaka yake. Dume huweza kuacha koni 5 hadi 25 kwa usiku mmoja, na hazipati zote mchukuaji. Zinazobaki ndizo utakazoziona asubuhi, zimeganda kwenye mawe kama matone ya gundi.

Hii ndiyo tofauti yao na vyura wengi: mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, kabla hayajatoka. Kwa hiyo kumtoa dume baada ya kuziona koni hakutazuia kutaga. Kutampa jike nafasi ya kutaga kwa utulivu tu, jambo ambalo lenyewe lina thamani.

Kinachowaamsha mara nyingi ni mabadiliko: maji yaliyopoa baada ya kipindi cha joto, au mchana unaorefuka. Kwenye matangi, msimu wao wa kawaida ni Desemba hadi Juni. Historia ya aksolotli wa Ulaya yenyewe ilianza katika miezi hiyo. Mwaka 1864 aksolotli 34 walisafirishwa kutoka Mexico hadi Paris, na sita kati yao, madume watano na jike mmoja, wakafika mikononi mwa mtaalamu Auguste Duméril. Januari 1865 yule jike mmoja akataga, na baadhi ya watoto waliokua wakapoteza matamvua ya kupumulia majini na kugeuka salamanda wa nchi kavu, jambo lililowaduwaza wasomi wa wakati ule. Sehemu kubwa ya aksolotli walioko kwenye maabara na majumbani duniani leo wana damu ya kundi lile.

Jike akishamaliza, kazi yake imekwisha. Aksolotli hawana malezi: halindi mayai, hayatambui, na hawajui watoto wake. Yai ni kitu laini kilichoko mbele yake, na akiwa na njaa, ambayo baada ya kutaga huwa kali, anaweza kulila. Wengine huyapita mayai wiki nzima bila kuyagusa. Lakini watoto wakianguliwa na kuanza kuchezacheza majini, sijaona mkubwa aliyejizuia.

Vipimo nitakavyotumia

Nimechagua vinne, kwa sababu ndivyo vilivyoniamulia mambo kila mara: hali ya jike, kazi ya kila siku, hatima ya watoto, na nafasi pamoja na fedha. Juu ya vyote hivyo kuna saa inayokwenda.

Siku ya kwanza kidoti ni duara kamili. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia baada ya saa chache utaona mistari inakigawa, mbili, nne, nane. Kufikia siku ya tatu au ya nne, kutegemea joto la maji, duara linaanza kurefuka kama haragwe, na huo ndio mwanzo wa mgongo na ubongo. Karibu wiki moja baadaye utatambua kichwa na mkia. Baadaye kiumbe hujigeuza ndani ya ute wake ukiligusa yai. Kuanguliwa huchukua takriban siku 14 hadi 21, haraka zaidi kwenye maji ya nyuzi 20, polepole kwenye maji ya baridi. Yai ambalo halikurutubishwa, au lililokufa, hugeuka jeupe na kuota ukungu kama pamba.

Ukifuata kalenda hiyo, utaona kwamba baadhi ya milango hufungwa mapema. Kulea unaweza kuanza siku ya kumi. Kugandisha huwezi. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo ndizo za kukaa chini na kuamua.

Njia ya kwanza: kuyaacha na wakubwa

*Jike.* Hakuna anayemsumbua kwa mikono wala nyavu, na mayai anayoyala humrudishia sehemu ya nguvu aliyotumia. Tatizo ni dume. Akibaki naye ataanza kumfuata tena ndani ya siku chache, na jike aliyetaga kisha akataga tena bila kupumzika hudhoofika vibaya. Hata ukichagua njia hii, mtenganishe na dume. Miezi kadhaa ya mapumziko ni haki yake. Wafugaji wengi makini humpa nusu mwaka.

*Kazi.* Ndogo kuliko njia nyingine zote, ingawa ipo. Mayai meupe yaondolewe kwa pipeti kabla hayajaoza, mdomo wa filta uzibwe kwa sponji laini, na maji yapimwe amonia, sumu inayotokana na uchafu, mara nyingi zaidi ya kawaida, maana mayai mia tatu yanayooza kwa pamoja huharibu maji ya wakubwa pia.

*Watoto.* Tuseme wazi: karibu wote huliwa. Sehemu wakiwa mayai, sehemu wakiwa wameshaanguliwa na wanaogelea. Tangi lenye majani mengi au mafundo ya moss linaweza kumficha mmoja au wawili. Mwaka wangu wa kwanza nilisafisha filta miezi miwili baadaye nikamkuta mmoja nyuma ya sponji, sentimita nne hivi, mguu wa mbele wa kushoto haupo. Aliishi, na mguu ukaota upya. Lakini niliposimama nimemshika kwenye bakuli niliwaza juu ya wale wengine, ambao mimi sikuwaona.

*Nafasi na fedha.* Hakuna gharama mpya ya maana.

*Inamfaa* mtu asiyeweza kabisa kulea, ambaye wakubwa wake wameonyesha kwamba wanayala mayai mapema, na ambaye moyo wake unakubali kwamba hivi ndivyo ilivyo hata ziwani. Kama wakubwa wako huyapita mayai bila kuyagusa, njia hii inageuka kuwa kungoja tu, na watoto watakuja kuliwa wakiwa hai. Tazama siku mbili za kwanza. Ukiona mayai hayapungui, badili njia.

Njia ya pili: kuyatoa na kuyalea

*Jike.* Faida kwake inategemea unavyotoa mayai. Msubiri amalize kabisa, ambako huweza kuchukua siku moja hadi mbili, kisha kata majani yenye mayai na uyahamishe pamoja na majani yake. Yaliyo kwenye kioo yabandue kwa kadi ya plastiki. Mimi hutumia kadi ya zamani ya benki. Ute wao ni mgumu kuliko unavyoonekana, hayapasuki kirahisi. Kisha mpe jike nyungunyungu wa kutosha, umwache.

Wapo wanaofanya kinyume: wanahamisha wakubwa na kuacha mayai mahali pake. Mayai hayaguswi, ni kweli. Ila wakubwa wanahitaji tangi la pili ambalo maji yake yamekwisha kukomaa, yaani lina bakteria wa kutosha wa kuvunja uchafu, na wewe unabaki na mayai yote, si yale uliyoyachagua. Kwa mwenye matangi mawili tayari ni sawa. Kwa wengine naona ni mzigo.

*Kazi.* Hapa ndipo panapohitaji ukweli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki mbili za mwanzo ni raha. Chombo chenye maji yasiyo na klorini, nyuzi 18 hadi 20, mbali na jua la dirishani, na jicho la kuondoa mayai meupe. Binti yangu alikuwa akiamka na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia kabla ya kwenda shule. Aliona kidoti kikiwa haragwe, haragwe likiota kichwa, kichwa kikiota vishada vidogo vya matamvua pande zote mbili. Sijui somo la baiolojia lililo bora kuliko hilo.

Wakishaanguliwa mambo hubadilika. Mtoto ana urefu wa kama sentimita moja, na kwa siku mbili tatu za mwanzo anaishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Baada ya hapo anahitaji chakula, na macho yake hutambua kitu kinachocheza tu. Ukimwekea chakula cha vidonge hata kama ni cha bei kubwa kiasi gani, atakufa njaa akiwa kando yake. Kwa hiyo unamlisha vitoto vya kamba wa artemia, dafnia (viroboto wa maji) au minyoo midogo sana iliyo hai. Artemia unawaangulia mwenyewe: chupa ya maji ya chumvi, mayai ya artemia, mpira wa hewa, mahali pa joto, na baada ya saa 24 hadi 36 wametoka. Unawachuja, unawasuuza chumvi, unawagawa kwa pipeti. Kisha unaanzisha chupa nyingine kwa ajili ya kesho, maana kesho inakuja na njaa yake. Mtoto aliyeshiba utamjua: ngozi yake ni ya kupenyeza mwanga, na tumbo linaonekana la rangi ya chungwa kwa artemia waliomo.

Artemia wasioliwa hufa ndani ya saa chache kwenye maji baridi na kuyachafua. Hivyo maji yanabadilishwa kila siku, yote, kwa kila chombo, na maji mapya yawe na joto lilelile.

Halafu inafika siku ya miguu ya mbele, wakiwa karibu sentimita mbili. Kuanzia hapo huuma chochote kinachopita karibu, na kinachopita karibu ni mguu wa ndugu yake. Viungo huota upya, ndiyo sifa iliyowafanya wawe maarufu maabara, lakini jeraha kwenye maji machafu huota ukungu na kuua. Dawa ni kuwatenganisha kwa ukubwa na kupunguza idadi katika kila chombo. Nilianza na mayai 30. Wakaanguliwa 26. Kufikia wiki ya tano meza yangu ya jikoni ilikuwa na vyombo 11 vya plastiki vya chakula, kila kimoja na namba yake, nami nilikuwa nikitumia kama saa moja na nusu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Siku ya Idi niliondoka msikitini moja kwa moja kwenda kuwalisha, ndipo nikaenda kwa wageni. Hawa hawana siku ya mapumziko, na ukikosa siku mbili utahesabu waliokufa.

Kazi hulegea wanapokubali chakula kisichocheza, vipande vya minyoo na baadaye vidonge. Tenga miezi mitatu hadi minne kabla hujawaona wakiwa imara kiasi cha kuwapa wengine.

*Watoto.* Hii ndiyo njia pekee inayowapa maisha. Lakini maisha hayo yanaendelea: aksolotli anayetunzwa vizuri huishi miaka 10, wengine hufika 15. Kabla hujatoa yai la kwanza, andika majina ya watu watakaowachukua. Mimi nilikuwa na majina manane ya watu walioahidi. Siku ilipofika walikuja watatu.

*Nafasi na fedha.* Vyombo na artemia si ghali. Ghali ni kila mtoto asiyepata kwao, maana atahitaji tangi, filta, na maji ya nyuzi 16 hadi 18 mwaka mzima. Kiangazi hata hapa Uingereza chumba hupanda joto, na feni juu ya maji hupunguza nyuzi chache tu.

*Inamfaa* mwenye muda wa kila siku kwa miezi minne, mahali pa baridi, watu waliokwisha kukubali kuchukua, na ujasiri wa kuchagua mayai 20 au 30 na kuyaachilia mengine. Anayesema "nitalea yote" kwa kawaida ni mtu ambaye hajawahi kulea.

Njia ya tatu: kuyagandisha

*Jike.* Sawa na njia ya pili: subiri amalize, toa mayai, mtenganishe na dume, mlishe.

*Kazi.* Mchana mmoja. Mayai yote hukusanywa kwenye mfuko wenye maji kidogo, hufungwa, hukaa kwenye friza siku mbili kamili, ndipo yatupwe na takataka za nyumbani. Siku hizo mbili zina maana, kwa hiyo usiyatoe mapema ukidhani yameshaganda. Baada ya hapo pekua tangi tena kwa wiki nzima, kwa sababu utaokota yaliyojificha chini ya mawe na ndani ya mapango. Yale yaliyochelewa kupatikana, ambayo yameshaanza kurefuka kama haragwe, hayamo tena kwenye njia hii.

*Watoto.* Hapa wengi hushindwa kuzungumza, nami nilishindwa mara ya kwanza. Lakini siku ya kwanza na ya pili kilichomo ndani ya yai ni mpira wa seli unaogawanyika. Hakuna ubongo, hakuna neva, hakuna moyo. Ukimlinganisha na mtoto wa wiki tatu anayekufa njaa kwenye chombo ambacho mwenyewe amechoka, sioni shaka ni lipi lenye mateso. Mpaka ni ule nilioutaja: duara likianza kurefuka kuwa haragwe, mlango umefungwa. Kiumbe aliyekwisha kuumbika, na zaidi aliyeanguliwa, hagandishwi. Huyo analelewa, au anapelekwa kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama wa aina yake.

*Nafasi na fedha.* Hakuna.

*Inamfaa* mwenye wakubwa walio ndugu, mwenye jike mchanga au dhaifu, anayesafiri, anayekaa mahali pa joto, na yeyote ambaye orodha yake ya wapokeaji ni tupu. Haimfai mtu aliyegundua mayai akiwa amechelewa, wala mwenye familia ambayo watoto wake hawajaandaliwa kulipokea jambo hili. Nilimweleza binti yangu kabla, si baada. Alinuna siku moja, kisha akauliza kama tunaweza kubakiza matano ya kutazama. Tulibakiza matano, na matatu yakaanguliwa.

Mambo mawili yanayowapotosha wafugaji

La kwanza ni kudhani kwamba ukilea mayai yote unaiokoa jamii ya aksolotli. Ni kweli wako hatarini kabisa kule kwao. Nyumbani kwao ni mahali pamoja tu duniani, bonde la Jiji la Mexico: ziwa Chalco limekaushwa, na Xochimilco imebaki mifereji. Sensa ya mwaka 1998 ilikadiria aksolotli 6,000 kwa kilomita moja ya mraba. Ile ya 2014 ikakadiria 36. Lakini aksolotli wa sebuleni si wale. Wamezaliana wao kwa wao tangu enzi za Paris, na mwaka 1962 damu ya salamanda-chuimilia iliingizwa makusudi maabara, ndiko ilikotoka rangi ya zeruzeru tunayoipenda dukani. Watoto wao hawawezi kupelekwa Xochimilco. Kazi ya kule inafanywa na watu kama mwanabiolojia Luis Zambrano wa UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, na wakulima wa chinampa, yaani mashamba ya visiwa vilivyo kati ya mifereji, wanaosafisha mifereji na kuizibia samaki wageni.

Samaki wageni wenyewe ni kapu (carp) na sato. Ndiyo, sato huyuhuyu wa kwetu, aliyepandikizwa kule ili watu wapate kitoweo. Nia ilikuwa njema. Leo anakula mayai ya aksolotli na watoto wao, na kuwaondoa imekuwa kazi ya miaka.

La pili linafuata hapo: kumwaga mayai au watoto mtoni, bwawani au kwenye mfereji wa mtaa. Usifanye hivyo, popote ulipo. Wanaweza kufa kwa joto, au kubeba magonjwa ya ngozi kwa vyura wa pale, au, wakiishi, kuwa sato wa mtu mwingine.

Ongeza na sheria. Aksolotli yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka, hata kumpelekea mpwa wako nchi jirani, kunahitaji vibali. Marekani, majimbo kama California, Maine na New Jersey hayaruhusu kumfuga kabisa. Ulizia kabla hujamwahidi mtu mtoto.

Kwa hali yako

Kama wakubwa walinunuliwa pamoja wakiwa wadogo, chukulia ni ndugu wa tumbo moja mpaka muuzaji akuthibitishie vinginevyo. Watoto wa ndugu hawafai kulelewa. Gandisha, ukiwa ndani ya siku mbili za kwanza.

Kama jike hajafikisha mwaka mmoja na nusu, au amekonda hadi kichwa kimekuwa kipana kuliko mwili, acha suala la mayai liwe la pili. Mhamishe dume leo, kisha chagua njia ya kwanza au ya tatu kutegemea kama mayai yanaliwa.

Kama ni mara yako ya kwanza, wakubwa hawana undugu, na nyumbani kuna watoto wenye hamu ya kujifunza, toa mayai 10 uyalee na mengine uyagandishe. Kumi watakufundisha yote ambayo mia watakufundisha, na utabaki na usingizi.

Kama unafanya kazi za zamu au unasafiri ndani ya miezi minne ijayo, usianze kulea. Ndugu na jirani hulisha paka, hawaangulii artemia.

Kama uko Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, maji yako ya bomba yana joto kuliko mnyama huyu anavyoweza kustahimili, na wakubwa wenyewe wanaishi kwa mashine ya kupozea. Hiyo mashine haitatosha kupoza vyombo ishirini vya watoto. Kwa anayeishi Njombe au Limuru hesabu ni nyepesi zaidi, na dafnia unaweza kuwafuga kwenye ndoo uani.

Kama umechelewa, umeona haragwe zina mikia, usijilaumu mpaka ushindwe kutenda. Weka mayai kwenye maji ya nyuzi 16 ili yaende polepole, tumia siku utakazopata kuagiza mayai ya artemia, na uanze kuwapigia watu simu.

Na kama bado hujaona yai hata moja, ila una wawili kwenye tangi moja, watupie macho wiki hii: tazama nyuma ya miguu ya nyuma ya kila mmoja. Uvimbe kwa mmoja na tumbo la peasi kwa mwenzake, tafuta tangi la pili sasa, kabla ya Desemba.